Tupeane uzoefu: Mliolelewa na baba mtu wa maabara, mnamkumbuka kwa lipi?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Tumempumzisha mzee wetu. Wasifu uliosomwa siku ile ulikuwa sahihi kabisa: alisoma, akaajiriwa maabara ya hospitali, akapanda vyeo, akastaafu, ameacha mjane na watoto. Tatizo ni kwamba ungemfaa mtumishi yeyote. Mliokuwa na baba, mume au bosi wa kazi hii, leteni yale ambayo wasifu hauyasemi.

Naanza mimi. Mzee alikuwa upande wa kuotesha vimelea: mkojo, usaha, damu ya watoto wenye homa isiyoeleweka. Sampuli inapakwa kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, inaingia kwenye kabati la joto la nyuzi 37, nawe unakwenda nyumbani, kwa sababu kabla ya kesho huna la kuangalia. Wakiota, kuna siku nyingine ya kujua dawa ipi inawaua. Kazi hiyo ilimwondolea haraka yote. Ukimuuliza kama ameamua lolote kuhusu safari ya shule, anajibu, "Bado haijaota." Kaka alipoleta mchumba, shangazi wakataka kujua mzee anamwonaje, jibu likawa lile lile. Mama alikasirika kweli kweli, maana hata bili zilikuwa zinasubiri ziote. Ila akishatamka, imetoka. Sikumbuki akirudi nyuma kwa jambo aliloliamua.

Kifunguamimba
Pole sana mkuu. Wa kwangu alikuwa mtu wa hadubini, malaria hasa. Alirudi na vidole vya zambarau, ile rangi ya Giemsa isiyosikia sabuni, na mashati yake mama aliyafua peke yake yasije yakaharibu mengine.

Ninachokumbuka zaidi ni alivyotafuta vitu. Ikipotea sindano au hereni, hakuna ruhusa ya kupapasa ovyo. Anaanzia kona moja ya chumba, anakwenda mstari mmoja mpaka ukutani, anasogea kidogo, anarudi, vile vile anavyosoma slaidi. Na neno "hakuna" halitamkwi kabla chumba hakijaisha. Alitueleza kwamba kwenye tone nene la damu huandiki "hakuna vimelea" mpaka upitie angalau nyanja 100, yaani yale maduara unayoyaona kila ukisogeza slaidi, kwa lenzi ya mafuta. Ukiviona, unavihesabu huku unahesabu chembe nyeupe mpaka zifike 200. Idadi ya vimelea unaigawa kwa 200, unazidisha kwa 8,000, yaani makadirio ya chembe nyeupe katika mikrolita moja ya damu, unapata vimelea katika mikrolita hiyo. Uwiano niliujulia hapo. Mwalimu alipoifikia mada darasani, mimi nilikuwa nimeshaichoka.

Hereni ya mama ilipatikana, kwa taarifa yenu. Mstari wa mwisho kabisa, chini ya kabati.

Mkimya
Mzee wangu hakuwa mpole kama hao wenu. Ukiweka kalamu mdomoni, humwoni tena rafiki yako kalamu. Tuliona ni ukorofi tu. Tulishakuwa watu wazima aliposema kwamba walipoanza kazi walivuta sampuli kwa mdomo kupitia pipeti ya kioo, na wapo wenzake walioambukizwa homa ya ini. Hakuongeza neno.

Kundi B
Baba alikuwa benki ya damu. Simu ya usiku ikilia tunajua kuna mama anavuja damu baada ya kujifungua, au ajali. Anakwenda kuchanganya majimaji ya damu ya mgonjwa na chembe nyekundu za mchangiaji aone kama chembe zitashikana makundi makundi. Zikishikana, chupa hiyo hairuhusiwi kutoka, hata daktari apige kelele namna gani. Asubuhi ndugu wa mgonjwa wanamshukuru daktari. Yeye hawajui, nao hawamjui, na wala hakuwahi kulalamika. Mimi ndiye niliyelalamika kwa niaba yake.

Nyumbani makundi ya damu yaligeuka utani. Yeye AB, mama O. Kwa wazazi hao, kwa kawaida mtoto anatoka A au B, hawezi kufanana na yeyote kati yao. Basi ukikosea kidogo tu: "Nilijua, huyu si wa kundi letu!" Tarehe 14 Juni, siku aliyozaliwa Landsteiner aliyeeleza makundi haya mwaka 1901, alikwenda kuchangia damu, na sisi tukifikisha umri tulifuatana naye bila kuulizwa.

Mwanafunzi wake
Wa kwangu hakuwa baba, alikuwa bosi wangu. Siku moja mashine ilitoa potasiamu ya juu ya kutisha. Nikataka kupiga simu wodini mbio. Akauliza, "Kalsiamu je?" Karibu haipo. Akasema mtu mwenye majibu haya hawezi kuwa amekaa kitandani anaongea, twende tukamwone. Tukamkuta anaongea. Kumbe damu ilimiminwa kutoka chupa ya kifuniko cha zambarau, ambayo dawa yake ya kuzuia kuganda ina potasiamu na hufunga kalsiamu. Tukachukua damu upya, majibu ya kawaida. Maabara nyingi mtu haendi wodini, anaishia kwenye karatasi. Yeye alikwenda.

Mama Wawili
Wanangu, mimi ni mjane. Figo za mume wangu zilipochoka, kijana wa maabara alimletea majibu kabla ya daktari, kwa heshima. Akayatazama, akasema, "Rudia." Yakarudiwa, yakaja vile vile. Akasema, "Basi sasa andika kwenye rejista."

Mleta mada
Mama, pole sana, na ahsante. Wengine wote pia, nasoma nikicheka na kulia. Swali moja: mzee ameacha hadubini yake ya zamani, lenzi kubwa ina mafuta yaliyokauka. Watoto wanaitaka. Naisafishaje?

Mwanafunzi wake
Usitumie kitambaa cha kawaida, kinakwaruza. Tafuta karatasi laini ya lenzi, ilowanishe kidogo kwa dawa ya kusafishia lenzi, futa taratibu, rudia mpaka mafuta yaishe. Usiifungue ndani. Iweke mahali pakavu pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu, maana ukungu ukiota kwenye kioo cha ndani ni kazi ya fundi. Na mafuta ni ya lenzi ya 100 tu, watoto wasiyaweke kwenye ya 40.