Naomba ushauri: nahamia Lushoto na familia

Wakuu, habari zenu. Nimepata uhamisho wa kikazi kwenda Lushoto, na mimi ni mtu wa joto la pwani. Najua ni mji mdogo juu milimani Usambara, unapandia Mombo kupitia Soni kwa kona kali, na enzi za Mjerumani uliitwa Wilhelmstal. Hayo ni ya vitabuni.

Nataka ya mtaani. Ile baridi ya Juni na Julai, mtoto mchanga anaimudu? Nyumba nitafute mjini penyewe au pembeni, upande wa Irente au Magamba? Na mgeni anapokelewaje? Miji midogo kila mtu anamjua mwenzake, na mke wangu hilo linamtisha kuliko baridi. Wenyeji, Wasambaa hasa, nisaidieni.