Mkutano wa wajumbe 650 Arusha: mbali na idadi ya viti, niulize nini kuhusu huduma za kituo?

Katibu wa Maandalizi

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Mimi ni katibu wa kamati inayoandaa mkutano mkuu wa chama cha wauguzi na wakunga, utakaofanyika Arusha mwezi Julai mwakani kwa siku tatu. Tunatarajia wajumbe 650, ambao zaidi ya 500 ni wanawake, na miongoni mwao watakuwamo wenzetu wapatao 80 kutoka Burundi na mashariki ya Kongo waliosomea kazi yao kwa Kifaransa. Kamati imependekeza Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha, AICC, ambacho Ukumbi wake wa Simba, ulio mkubwa kuliko kumbi zake nyingine, huchukua takriban watu 1,350. Kwa hesabu ya viti, basi, nafasi ipo na ya kubaki.

Hata hivyo, moyo wangu haujatulia. Miaka miwili iliyopita tulikutana katika ukumbi wa mji mwingine, ambao sitautaja, na huko pia hesabu ya viti ilikuwa sawa. Chai ya saa nne ilimalizika saa tano na robo, mada mbili zikaondolewa kwenye ratiba, na mjumbe mmoja aliyekuja na mtoto wa miezi minne alimnyonyesha akiwa ameketi kwenye ngazi za dharura, kwa kuwa hapakuwa na chumba cha kumpa. Mkutano wa wakunga ukashindwa kumstahi mama anayenyonyesha! Jambo lile limenikaa moyoni hadi leo.

Wiki ijayo natakiwa kwenda kukagua kituo kabla hatujalipa malipo ya awali. Naomba wenye uzoefu mniambie niulize nini, nipime nini, na nini kiandikwe kwenye mkataba.

Mratibu wa Makongamano

Ndugu Katibu, hongera kwa jukumu hilo, na umefanya vyema kuuliza mapema. Nimeratibu mikutano kwa miaka mingi, Arusha na kwingineko, na nakuomba uanze kwa kuiweka kando ile namba ya 1,350. Idadi ya watu inayotangazwa na kituo chochote kwa kawaida ni ya viti vilivyopangwa safu kwa safu bila meza. Mkitaka wajumbe wawe na meza za kuandikia, kama darasani, idadi hushuka hadi karibu nusu, na mkitaka meza za duara hushuka pia kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: ukumbi huu unachukua wangapi kwa mpangilio tunaoutaka sisi, na je, viti vyake vinahamishika au vimefungwa sakafuni?

La pili ni kulielewa jengo lenyewe. AICC haikujengwa ili iwe kituo cha mikutano. Ilikuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, na jumuiya hiyo ilipovunjika mwaka 1977 ndipo majengo yakapewa kazi mpya mwaka uliofuata. Ndiyo sababu yapo majengo matatu yaliyounganishwa, yaitwayo Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, na sehemu kubwa ni ofisi za kupangisha. Kwa mwandaaji, historia hiyo ina faida na ina gharama yake. Faida ni kwamba vyumba vya kamati na vya makundi ya majadiliano vinapatikana chini ya paa moja. Mazungumzo ya amani ya Burundi, yaliyofikia mkataba wa tarehe 28 Agosti 2000 mjini humo, yalizaa itifaki 5 zilizojadiliwa katika kamati mbalimbali, na kazi ya namna hiyo haifanyiki katika ukumbi mmoja hata uwe mkubwa kiasi gani. Gharama yake ni kwamba asubuhi ya siku ya kazi wapangaji wa ofisi nao wanaingia, na lango, lifti na maegesho vinawahudumia wao pamoja na wajumbe wako. Wapangie wajumbe wawasili kuanzia saa moja na nusu, na usajili wa wengi wao uwe umekamilika jioni ya kuamkia siku ya kwanza.

Chukua saa yako na utembee kutoka ukumbi mkuu hadi kila chumba cha makundi, polepole, kwa mwendo wa mtu mzima aliyebeba mkoba. Ukitumia dakika 6, basi ratiba iwape watu dakika 15, maana kundi la watu 650 halitoki mlangoni kwa pamoja.

Kuhusu chai, fanya hesabu hii. Mtu mmoja akitumia sekunde 15 kujimiminia chai na kuchukua andazi, mstari mmoja huhudumia watu 4 kwa dakika. Ili watu 650 wawe wameshika vikombe ndani ya dakika 20 unahitaji mistari 9, na kila mstari uwe na chupa zake, vikombe vyake na mhudumu wake. Mzabuni wa chakula akikuahidi meza kubwa mbili, hata ziwe zimepambwa namna gani, mkataeni. Ukague pia mahali penyewe pa kunywea, kwa sababu Julai Arusha ni baridi na asubuhi nyingi huwa na mawingu mazito, hivyo mahema yasiyo na kuta yatawarudisha wajumbe ndani wakiwa na vikombe mikononi.

Nimalizie na vyoo, jambo ambalo wanakamati wengi huona haya kulizungumza. Nusu tu ya wanawake wako wakienda msalani katika mapumziko ya dakika 30, na kila mmoja akitumia dakika 3, unahitaji matundu 25 kwa ajili yao. Hesabu yaliyopo karibu na ukumbi. Yakipungua, omba kwa maandishi kwamba kwa siku hizo tatu baadhi ya vyoo vya wanaume vigeuzwe vya wanawake, viwekewe vibao vinavyosomeka na mhudumu wa usafi wa kudumu. Kwa mkutano wenye wanaume wachache kama wenu, hilo linawezekana bila kumwumiza yeyote.

Mkalimani wa Mikutano

Nimesoma kwamba mna wajumbe 80 wa Kifaransa, na ningependa kulizungumzia hilo peke yake, kwa kuwa ndilo ambalo hukumbukwa mwisho. Wengi wa wenzenu wa Goma, Bukavu na Bujumbura watazungumza nanyi Kiswahili wakati wa chai bila taabu yoyote. Msidanganyike kwa hilo mkaona ukalimani hauhitajiki. Istilahi za tiba wamezisoma kwa Kifaransa, na mada ya kutokwa na damu baada ya kujifungua si mahali pa kubahatisha maana.

Arusha ni mji uliozoea kazi hii. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwaka 1994 na kufungwa mwishoni mwa mwaka 2015, iliendesha kesi zake humo humo AICC kwa Kiingereza na Kifaransa, huku mashahidi wengi wakizungumza Kinyarwanda. Kila neno la shahidi lilipita kwa mkalimani kabla ya kuwafikia majaji. Lakini historia ya jengo haitoshi. Ulizia vifaa vya ukumbi utakaopewa wewe.

Muulize msimamizi kama kuna vibanda vya ukalimani vya kudumu au vitaletwa vya kuhamishika, na kisha uingie ndani ya kibanda, uketi, ufunge mlango. Ukiwa umeketi hapo, je, unamwona mzungumzaji usoni na unaiona skrini yote? Katika ukumbi mmoja tuliwekwa nyuma ya nguzo, na kwa siku mbili nilitafsiri takwimu za majedwali ambayo sikuyaona. Kila kibanda kinahitaji wakalimani wawili, kwa maana hupokezana takriban kila nusu saa, hivyo kibanda kisicho na hewa ya kutosha kwa watu wawili hakifai.

Ulizia vilevile namna sauti inavyosafirishwa hadi kwenye visikizi vya masikioni. Mitambo ya miale ya infraredi haipenyi ukuta, jambo ambalo ni zuri kwa kikao cha faragha, lakini mjumbe akitoka nje ya ukumbi hasikii tena, na jua kali linaloingia dirishani linaweza kuidhoofisha. Ile ya redio hupenya ukuta, kwa hiyo kikao cha siri kinaweza kusikika chumba cha jirani. Visikizi viwe zaidi ya idadi ya wajumbe wa Kifaransa, kwani wao nao watakapochangia kwa Kifaransa, ninyi mliobaki ndio mtakaohitaji kusikia Kiswahili. Jambo hili husahaulika karibu kila mara, na matokeo yake wageni husikiliza siku tatu bila kusikilizwa.

Mjumbe wa Kiti Mwendo

Ndugu Katibu, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatupa haki ya kufika mahali pa umma kama wengine, na vituo vingi sasa vina njia ya mteremko mlangoni. Shida huanza baada ya mlango. Mimi hutumia kiti mwendo, na katika mikutano niliyohudhuria nimepata kuingia ukumbini bila tabu, kisha nikaalikwa kutoa mada na kukuta jukwaa lina ngazi nne na hakuna njia nyingine. Nilizungumza nikiwa chini, mbele ya jukwaa, huku watu wa nyuma wakinisikia bila kuniona.

Kwa hiyo pima njia nzima: kutoka gari linaposimama hadi mezani, hadi jukwaani, hadi chooni, hadi kwenye chakula. Mteremko usizidi kimo cha sentimita 1 kwa kila urefu wa sentimita 12, na mlango wa choo ufunguke kwa upana wa sentimita 90. Chumba cha makundi kikiwa ghorofani, hakikisha lifti inafika huko. Kama mtakuwa na wajumbe viziwi, mkalimani wa lugha ya alama awekewe taa yake, kwa sababu kila mnapozima taa ili skrini ionekane, yeye hutoweka gizani.

Katibu wa Maandalizi

Nawashukuru kwa dhati, na nimeyaandika yote. Lile la visikizi vya kusikilizia wageni halikuwa limenijia kabisa akilini. Naomba kuongeza mawili. La kwanza, je, chumba cha kunyonyeshea na huduma ya kwanza ni kazi ya kituo au ni yetu? La pili linahusu umeme na intaneti, kwa kuwa siku ya pili tutakuwa na mtoa mada atakayezungumza kutoka Uswisi kwa njia ya video.

Mratibu wa Makongamano

La kwanza nalijibu mimi. AICC ina hospitali yake jijini humo, hivyo ombi la muuguzi wa zamu na gari la wagonjwa halitakuwa geni kwao; hata hivyo liandikwe kwenye mkataba pamoja na saa za kuwapo. Chumba cha kunyonyeshea ombeni ninyi. Chumba kimoja cha kamati kilicho karibu na ukumbi kinatosha, chenye mlango unaofungwa, viti vyenye mahali pa kuegemea, maji na jokofu dogo. Omba pia chumba cha sala, kwa wanaume na wanawake, na uoanishe mapumziko ya mchana na wakati wa adhuhuri.

Fundi Mitambo

Kuhusu umeme, kila kituo kitakuambia kina jenereta, nawe uulize linachukua sekunde ngapi kuwaka na linabeba vifaa gani. Hata sekunde 10 zinatosha kuzima kompyuta ya kurushia video, mtambo wa kuchanganyia sauti na mitambo ya wakalimani, na kuviwasha upya vyote kwa utaratibu kunaweza kuchukua dakika kadhaa huku wajumbe 650 wakiwa kimya wanakutazama. Vifaa hivyo vitatu viunganishwe kwenye betri za akiba zinazoshika umeme mara moja unapokatika. Njia ya kuthibitisha ni moja tu: siku ya ukaguzi waombe wazime umeme wa nje ukiwa umesimama hapo ukumbini.

Kuhusu intaneti, usitosheke na kuambiwa kasi yake. Wajumbe 650 wenye simu na kompyuta hufikisha vifaa 1,300, na mitambo ya kusambazia intaneti hewani huelemewa na wingi wa vifaa hata kasi ikiwa kubwa. Uliza inahimili vifaa vingapi kwa wakati mmoja ndani ya ukumbi ule. Mtoa mada wa Uswisi aunganishwe kwa waya, kwenye laini ambayo wajumbe hawaitumii, na meza ya usajili nayo iwe na laini yake. Fanyeni majaribio naye siku moja kabla, saa ile ile atakayozungumza, pamoja na wakalimani wakiwa vibandani, kwa sababu sauti ya video inaweza kusikika vizuri ukumbini na isiwafikie wao kabisa.

Katibu wa Maandalizi

Nimezungumza na kituo asubuhi hii, na tumepewa Alhamisi saa tatu. Nitakwenda na mjumbe wa kamati yetu anayetumia kiti mwendo, naye ndiye atakayetangulia tangu kwenye maegesho. Wamekubali pia kuzima umeme saa nne kamili tukiwa ukumbini. Nitawaletea majibu hapa jioni hiyo hiyo, pamoja na idadi ya matundu ya vyoo.