Bobal, Mencía au Monastrell: mvinyo mwekundu wa Hispania chini ya euro 10

Mpanda_Mlima (Valencia)
Wadau, salamu. Mwaka wa nne huu niko Valencia, na nikienda dukani mkono unakwenda wenyewe kwenye mvinyo wa Rioja, ule wa zabibu ya Tempranillo. Jumamosi mzee wa duka la mtaani kwangu akanishikisha chupa ya euro 6: "Jaribu hii, zabibu ya kwetu." Lebo inasema Bobal, jina la zabibu, na Utiel-Requena, eneo inakotoka. Jina hilo sikuwahi kulisikia.

Nimeifungua na mbavu za mbuzi. Rangi ni ya rozela iliyochemshwa mpaka ikawa nzito, ukiinamisha glasi unaona zambarau pembeni. Ugwadu unatangulia, kisha ukakasi unaoshika fizi kama chai ya rangi iliyokaa sana. Nikatafuna kipande chenye mafuta, nikanywa tena: ukakasi umelainika kabisa! Nimefurahi mno. Kwa bei hiyo, zabibu gani nyingine isiyo na jina kubwa inaweza kushindana nayo?

Tausi_Madrid
Mkuu, Mencía ya Bierzo, mkoa wa León, kule kaskazini-magharibi kunakopakana na Galicia. Wareno wanaiita Jaen. Ilianza kusikika sana baada ya 1999, mtengeneza mvinyo Álvaro Palacios na mpwa wake Ricardo Pérez walipoanza kazi kwenye miteremko ya mawe ya Corullón. Chupa zao za juu si za mfuko wetu, lakini kwa euro 8 au 9 unapata ya kawaida iliyo safi: harufu ya maua na rasiberi, ukakasi kidogo. Ipoze dakika 20 kwenye friji. Kwa kuku wa kuchoma au uyoga, Bobal haiifikii.

Jua_la_Murcia
Dada Tausi, kwa mbavu za mbuzi hiyo itamezwa. Monastrell ya Jumilla, huku kwetu Murcia, ndiyo saizi yake. Ni ileile Mourvèdre ya Wafaransa, inataka jua jingi na inachelewa kuiva, kwa hiyo kilevi mara nyingi kinafika asilimia 14 na zaidi. Kuna mizabibu mizee huku iliyosimama kwa mizizi yake yenyewe, bila kupandikizwa kwenye mizizi ya mzabibu mwingine, kwa sababu filoksera, yule mdudu aliyemaliza mizabibu ya Ulaya karne ya 19, alichelewa kuipiga Jumilla, mpaka 1989. Nanunua kwa euro 5.

Mama_Mavuno
Mpanda_Mlima, nimevuna Bobal misimu miwili, acha nikwambie kwa nini bei yake ni ndogo. Kichala chake ni kikubwa na kimebanana, ganda nene. Ukimaliza siku vidole vimekuwa vyeusi na sabuni haisaidii. Rangi hiyo ndiyo iliyoificha. Walikuwa wanachuja juisi ya kutengeneza rosado, mvinyo wa waridi, halafu yale maganda yaliyobaki wanayatia kwenye juisi nyingine yenye maganda yake, yaani maganda mara mbili kwenye pipa moja. Wanaita doble pasta. Mvinyo huo mzito uliuzwa kwa jumla ukakoleze mvinyo wa watu wengine, na jina la Bobal halikuandikwa popote. Mashamba yako mita 600 hadi 900 juu ya bahari, usiku kuna baridi, ndiyo maana ugwadu haupotei hata jua likiwa kali.

Ushauri: kwa bei hiyo kwepa iliyokaa sana kwenye pipa la mwaloni, utakunywa mbao. Tafuta iliyoandikwa "joven", yaani changa.

Zabibu_Dodoma
Nimezoea nyekundu kavu ya Makutupora, na huo ukakasi unaousema naujua vizuri. Dukani kwetu ya Hispania ni Rioja tu. Ukija likizo niletee Bobal.

Mpanda_Mlima (Valencia)
Nimerudi. Nimenunua zote tatu, nikazionja jana na wenzangu wawili, mbavu zilezile. Mencía ilinukia vizuri kuliko zote, dada Tausi umesema kweli, ila kwa mafuta yale ilipotea. Monastrell ilipendwa glasi ya kwanza. Ya pili joto la kilevi likawa linakaa kooni. Bobal ndiyo chupa iliyoisha. Kwa nyama naibakisha hiyo, na Mencía nitaichukua siku ya kuku.

Zabibu_Dodoma, nakuja Desemba. Mbili zako ziko kabatini, zimelazwa.