Naomba ushauri: ridhaa ya mama wa dharura katika utafiti wa dawa za kupandisha shinikizo la damu wakati wa ganzi

Ndugu wataalamu, habari zenu. Mimi ni mtoa dawa za usingizi katika hospitali ya wilaya nchini Tanzania, na ninaandaa pendekezo la utafiti wa kulinganisha efedrini na fenilefrini, dawa mbili za kupandisha shinikizo la damu, kwa akina mama wanaojifungua kwa upasuaji chini ya ganzi ya mgongo. Kama mjuavyo, ganzi hiyo hulegeza mishipa, shinikizo la damu likashuka ghafla na damu inayomfikia mtoto ikapungua; mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2018 uliipa kipaumbele fenilefrini, maana efedrini huvuka kondo la nyuma na yaweza kuongeza asidi katika damu ya mtoto.

Kinachonitatiza ni ridhaa. Wengi huletwa kwa dharura, uchungu ukiwa umewashika, na kwa kweli siamini kwamba saini inayotiwa wakati huo ni ya hiari. Je, niwaeleze mapema kliniki ya wajawazito kisha niwaulize tena siku yenyewe, au nichukue tu waliopangiwa tarehe? Naomba sana mwongozo wa waliowahi kupitisha pendekezo la namna hii kwenye kamati ya maadili ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR).