Naomba ushauri: gharama na faida ya upasuaji wa goti na mgongo

Wakuu, naomba msaada wa hesabu. Goti bandia kwa mwenye osteoathraitisi (ugonjwa wa kuchakaa kwa viungo) iliyokwisha kula gegedu ni rahisi kutetea: magoti takriban 82 kati ya 100 hudumu miaka 25. Mgongo ndio unaonisumbua. Mfereji wa uti wa mgongo (njia ya neva) ukibana, kuunganisha pingili za mgongo kwa skrubu huongeza gharama, damu inayopotea na siku za kulazwa, ilhali jaribio la Uswidi la 2016 halikuona nafuu kuliko kupanua mfereji peke yake. Mnapokokotoa gharama kwa kila mwaka wa maisha yenye afya, upasuaji wa marudio mnaufuatilia miaka mingapi? Miwili naona michache mno, maana pingili jirani huchakaa baadaye. Na wenye maumivu ya mgongo tu, bila maumivu ya mguu, mnawahesabu kando?