Zamu za Mama

Kikundi: WATOTO WA BI TATU 🌹
Jumatano

Da Mwaju 06:12: Asalaam aleykum. Operesheni ya mama ya nyonga ni jtatu pale Muhimbili inshallah, akitoka hapo anakuja Temeke na hata chooni hatoenda mwenyewe. Nataka zamu. Kila mtu aandike siku zake HAPA sio inboksi

Da Mwaju 06:55: Naona mmesoma

Chidi: 🙏🙏

Da Mwaju: Chidi mikono sio zamu

Rama: Da Mwaju mi kazini kugumu, jana nimemuuliza HR ruhusa ya kumuuguza mama kasema haimo, zile siku nne za sheria ni mtoto akiumwa au ukifiwa

Da Mwaju: Haiwezekani. Mama mzazi??

Rama: Kanisomea kabisa, sheria ya ajira ya 2004. Siku 4 ndani ya miezi 36. Mtoto akiumwa tu unapewa, ila mke, mzazi, bibi, babu, mjukuu, ndugu mpaka afe

Chidi: Yani bosi anasubiri tanga 😂😂

Mama Sele: Astaghfirullah Chidi! Mama yuko hai

Side wa Ohio: Huku Marekani ipo sheria toka 1993 inaitwa FMLA, wiki 12 kwa mwaka unamuuguza mzazi na kazi yako unaikuta. Ila bila mshahara, na kampuni iwe na watu kuanzia 50, na wewe uwe umefanya mwaka na masaa 1,250

Chidi: Wiki 12 bila mshahara hiyo likizo au adhabu

Side wa Ohio: Ndo hapo. Jamaa yangu kazini ana haki nayo kabisa na mama yake mgonjwa, hajachukua, kodi atalipa nani

Shem Neema: Na mama mkwe je

Side wa Ohio: Mkwe hayumo shem. Ila aliyekulea yumo hata kama hajakuzaa

Da Mwaju: Chidi umesikia? ALIYEKULEA. Lete siku

Chidi: Mtandao unasumbua 🏃🏾

Da Mwaju: Rama si una likizo ya mwaka, 28

Rama: Nilishakula nusu harusi ya Mwanaidi, iliyobaki wao ndo wanapanga lini wameniweka Desemba. Na nikikosa zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa ni kufukuzwa halali kabisa

Chidi: Umwa wewe basi, siku 63 mshahara mzima na 63 nusu

Rama: Cheti feki? Nikose kazi na polisi juu

Zuhura: Nawasoma toka asubuhi. Baba alipoumwa mimi niliacha saluni, hakuna aliyeuliza sheria yangu inasemaje. Leo Rama ndo ana HR

Da Mwaju: Zuhura usianze

Zuhura: Sianzi naendeleza

Rama: Na hela ya bajaji tuiseme?

Zuhura: ISEME

Mjomba Omari: ASALAM ALEKUM. NIMESOMA YOTE. ZUHURA ULIMUUGUZA BABA YAKO MPAKA NIKAMFUMBA MACHO, NILIKUWEPO. RAMADHANI ANDIKA BARUA UOMBE WIKI MBILI BILA MALIPO WEKA NA KARATASI YA DAKTARI. MSHAHARA ATAOKATWA MTACHANGA. BAJAJI NISIIONE TENA HUMU

Rama: Sawa mjomba

Mama Sele: Sawa mjomba

Chidi: Shikamoo mjomba

Da Mwaju: Haya. Mimi jtatu na jnne nafunga duka, duka langu ndo halina hata siku nne. Usiku Neema. Jtano Zuhura?

Da Mwaju: Zuhura?

Da Mwaju: Na mchango tunaanza na ngapi? Side?

Side wa Ohio: Naingia shifti dada nitarudi

Chidi: Dola imekimbia 😂

Rama 16:48: Barua nimepeleka. Kasema sheria haimlazimishi ila ataongea na bosi, wiki moja inawezekana, jibu ijumaa. Nimemwambia anijibu kwa maandishi asije akanigeuka

Da Mwaju: Na ile wiki ya pili? Chidi?

Chidi: Mi asubuhi siwezi ila chakula naweza kuleta

Da Mwaju: Cha kununua au cha kupika

Mama Sele: Chidi akipika tutarudi Muhimbili

Kaka Hemedi 22:17: Ndo naingia sasa hivi. Operesheni lini?

Da Mwaju: Hemedi panda juu usome. Zuhura nimekupigia hupokei