Ampu za wati 30 za Brian May zilitosha vipi katika viwanja vikubwa?

Mpiga Ridhimu aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Katika picha nyingi za ziara za Queen, bendi ya rock ya Uingereza, nyuma ya mpiga gitaa wao Brian May huonekana ampu (vikuza sauti) za Vox AC30 zimepangwa safu tatu, mara nyingine zikifika tisa. Kila moja ina wati 30, kwa hiyo hata tukizijumlisha zote tunapata wati 270, kiasi ambacho vyombo vya harusi vya mtaani kwetu hukipita kwa mbali. Gitaa lake lilisikika vipi basi katika uwanja kama Wembley wa London, ambako kwenye tamasha la Live Aid la tarehe 13 Julai 1985 palikuwa na watu zaidi ya 70,000? Bendi yetu inatafuta ampu ya gitaa la solo, na wenzangu wanashikilia kwamba chini ya wati 100 ni kutupa fedha.

Fundi Mitambo alijibu:

Watu waliokaa mbali uwanjani hawaisikii ampu yenyewe. Mbele ya spika ya ampu huwekwa maikrofoni, sauti ikapelekwa kwenye mikisa, yaani mashine ya kuchanganya sauti, pamoja na ngoma, besi na waimbaji, kisha ikakuzwa na mitambo mikubwa inayoendesha spika za pande mbili za jukwaa. Kazi ya ampu ni kutengeneza sauti, na kazi ya kuifikisha kwa umati ni ya mitambo.

Wati nazo hudanganya. Ukiongeza nguvu mara mbili unapata desibeli 3 tu za ziada, kwa hiyo kutoka wati 30 hadi 100 ni kama desibeli 5, tofauti inayosikika lakini isiyokaribia hata kidogo mara tatu. May anaipenda AC30 kwa sababu nyingine: ni ampu ya valvu, yaani mirija ya kioo ya kukuza umeme, nne za aina ya EL84 katika hatua ya mwisho, na ikifunguliwa mpaka mwisho valvu hizo huelemewa taratibu, zikatoa ule mkwaruzo mtamu unaoimba. Ampu ya wati 100 ukiifungua hivyo, wenzako jukwaani watakukimbia. Wingi wa ampu pia una sababu yake, kwani anapopiga solo za mwangwi huutuma mwangwi kwenye ampu za pekee, akawa kama anaitikiana na nafsi yake.

Mkazi wa Unguja alijibu:

Huku kwetu, alikozaliwa mwimbaji wao Freddie Mercury mwaka 1946, mazungumzo juu ya Queen huishia kwenye koo lake, kwa hiyo nimefurahi kuona mtu akiuliza habari za vyombo. Niongeze kwamba AC30 peke yake haitakupa sauti ya May. Gitaa lake, Red Special, alianza kulitengeneza na baba yake mwaka 1963. Mti wa shingo ulitoka kwenye meko ya zamani, na springi za tremolo, mkono wa kuyumbisha sauti, zilitoka kwenye injini ya pikipiki. Kila pikapu, yaani kinasa sauti cha nyuzi, kati ya zile tatu ina swichi zake. Kati ya gitaa na ampu hupita kifaa kidogo cha kuinua sauti za juu, na badala ya kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi anatumia sarafu ya zamani ya peni sita.

Msafiri wa Dansi alijibu:

Nakubaliana na Fundi, ila wenzako nao wana hoja. Muziki wa dansi unataka gitaa safi lisilokwaruza, na usafi huo unahitaji akiba ya nguvu. Katika kumbi ambazo mikisa ina nafasi za waimbaji tu, ampu yako italazimika kushindana na ngoma peke yake, na hapo wati 30 zitaanza kukwaruza mapema kuliko unavyotaka. Isitoshe, AC30 ina uzito wa zaidi ya kilo 30, na valvu hazipendi kurushwarushwa nyuma ya gari la pikapu kwenye barabara ya vumbi. Ukiletewa iliyotumika kutoka Marekani, hakikisha kwanza volti zake: ya volti 120 ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 bila transfoma, itaungua.

Mpiga Ridhimu aliandika:

Nashukuru sana. Mikisa tunayo, na nafasi moja iko wazi. Maikrofoni iwekwe wapi hasa?

Fundi Mitambo alijibu:

Tumia maikrofoni ya kawaida isiyohitaji umeme, kama Shure SM57, uisogeze karibu na kitambaa cha ampu, umbali wa vidole viwili au vitatu. Usiielekeze katikati kabisa ya spika, kwa maana hapo sauti ni kali mno. Isogeze pembeni kidogo kidogo huku mwenzako akipiga, mpaka ukali upungue. Ampu ikiwa na spika mbili, chagua moja tu, kisha ipandishe ampu juu ya kreti ili nawe uisikie masikioni badala ya miguuni.